Ulimi nao hufanyishwa mazoezi, lakini pua kwanza

Tangu nigusie hapa mazoezi ya misuli ya mdomo, yale ya kuimarisha ulimi, midomo, mashavu na kaakaa laini ili mtu apumue kwa pua na koo lisizibe usiku, simu yangu haipumui. Nimechagua maswali yenye kichwa na miguu. Ninyi mnaoandika "dokta nakoroma nisaidie" bila kutaja umri, uzito wala presha, leo mnisamehe.

*Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 47, ni dereva wa basi la Dar–Mbeya. Anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta, kisha ananyamaza kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa. Nimeona klipu ya mazoezi ya ulimi. Aanze lini? – Mama J, Kimara*

Marahaba, Mama J. Mazoezi aanze hata leo, ila hospitali aende kwanza. Mkoromo unamkera jirani. Mimi kinachonitia hofu ni kile kimya.

Mtu akilala misuli hulegea, na ule mkubwa unaovuta ulimi mbele hulegea nao. Ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini linashuka, koo linaziba. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, tunahesabu tukio moja. Ikifika mara 5 kwa saa, huo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini; kuanzia 15 ni wa kati, kuanzia 30 ni mkali. Kila mara ubongo unamzindua avute hewa, na asubuhi hakumbuki chochote. Anajua alilala usiku mzima, anashangaa kwa nini anasinzia mezani. Presha nayo inapanda, na kila akienda kliniki anaongezewa kidonge na haishuki.

Ushahidi wa mazoezi upo, msidhani ni mambo ya TikTok tu. Mwaka 2009 watafiti wa São Paulo, Brazil, waliwagawa wagonjwa 31 wa kiwango cha kati. Waliofanya mazoezi ya ulimi na koo kwa miezi mitatu walitoka wastani wa mara 22 hivi kwa saa hadi kama 14. Waliopewa mazoezi ya danganya toto hawakubadilika. Mwaka 2015, tafiti kadhaa zilipojumlishwa pamoja, ikaonekana pumzi hukatika pungufu kwa karibu nusu kwa watu wazima. Lakini soma hizo namba vizuri. 14 bado ni ugonjwa. Na nusu ya 60 ni mtu anayekabwa mara 30 kila saa, tena mwenye abiria nyuma yake. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, ile aliyoianzisha Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1981. Mazoezi yatakuwa msaidizi wake.

Aende hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, iwe Mwananyamala au Amana, aeleze hayo uliyonieleza, na aombe rufaa ya kliniki ya pua, koo na masikio Muhimbili. Wewe ufuatane naye, maana yeye atasema hana shida. Mrekodi kwa simu usiku, sauti inatosha. Bia za jioni aache, zinazidi kulegeza koo. Alale ubavu, asilale chali. Na mpaka apimwe, siku anayosikia usingizi asishike usukani. Barabara ile ni zaidi ya kilomita 800. Trafiki wanapima ulevi, wanapima spidi. Sijamwona anayemuuliza dereva analalaje.

*Kuna plasta za kufunga mdomo usiku, zinauzwa mtandaoni. Nikibandika si nitazoea kupumua kwa pua? – Kijana, Sinza*

Na pua ikiziba usiku wa manane, utapumulia wapi? Usibandike. Mtoto ndiyo kabisa.

*Mwanangu ana miaka 5. Analala mdomo wazi, anakoroma, anakojoa kitandani, mafua hayaishi. Bibi yake anasema ni kimeo, na kuna mzee anakata. Je, mazoezi yanaweza kutusaidia tusikate? – Mama wawili, Chamazi*

Dada yangu, hapa kuna mambo mawili umeyafunga pamoja, nami nitayafungua.

Kimeo kila mtu anacho. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, utakiona chako kinaning'inia. Kiko mwisho wa kaakaa laini, na ukimeza kinanyanyuka pamoja nalo kuziba njia ya pua ili chai isitokee puani. Mtoto akikohoa sana watu wanamchungulia kooni, wanakiona, wanakilaumu. Nimechoka kuliandika hili na nitaendelea kuliandika: kukata kimeo kwa fundi wa mtaani kunaua watoto. Damu inakataa kusimama, kidonda kinaingia wadudu, pepopunda inaingia, wembe umetoka kwa mtoto mwingine. Na ugonjwa uliokuwa unamkohoza, nimonia au kifua kikuu, unabaki pale pale unakula siku. Bibi anastahili heshima zake zote. Mwambie "nimekusikia mama", kisha mpeleke mtoto hospitali.

Mtoto wako dalili zake ni za nyama za pua, pengine na mafindofindo yaliyovimba. Nyama hizo ziko nyuma kabisa ya pua, huwezi kuziona kwa tochi, na huwa kubwa zaidi umri huo huo wa mwanao. Daktari anaziona kwa eksirei ya ubavuni au kamera nyembamba. Zikiwa za wastani, hasa mtoto akiwa na mzio, anaweza kupewa dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa. Zikiwa zimeziba na pumzi inakatika usiku, zinatolewa hospitalini, mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Kukojoa kitandani mara nyingi hupungua baada ya hapo, na mwalimu aliyekuwa anasema "huyu hasikilizi" anaanza kumsifu.

Mazoezi yanaingia wapi? Baada ya njia kufunguka. Huwezi kumfundisha mtoto kufunga mdomo wakati pua haipitishi hewa, huo ni ukatili. Ila ukishafungua, mdomo uliozoea kukaa wazi miaka haufungiki wenyewe. Ulimi umezoea kulala chini, kaakaa la juu limekuwa jembamba, meno ya juu yanabanana, uso unaelekea kuwa mrefu. Hapo ndipo anafundishwa kama mchezo: kubana kijiti cha aiskrimu kwa midomo, kugotesha ulimi kaakaani utoe sauti, kupuliza mapovu ya sabuni. Dakika chache, mara mbili kwa siku, mzazi akiwa mbele yake. Kama ananyonya kidole gumba, anzeni na hilo.

Na nyumbani angalieni hewa. Wengi mnatibu pua ya mtoto huku dawa ya mbu ya kuchoma inafuka chumbani, udi sebuleni, jiko la mkaa mlangoni, na mto wa sufi wa tangu enzi za harusi yenu.

*Nabana ulimi juu ya kaakaa ili taya litokeze kama la wale wa kwenye video. Miezi inapita sioni kitu. – Mwanachuo, Mabibo*

Ulimi kukaa juu, ncha nyuma ya meno ya mbele, midomo imefungwa na pumzi inapita puani, ni mkao mzuri wa kupumzika. Kwamba utabadilisha mfupa wa taya wa mtu mzima, hakuna ushahidi. Rudi kwenye vitabu, kijana.

*Kichanga changu cha wiki tatu kina udata, ule utando wa chini ya ulimi umebana. Mama mkwe anasema kisipokatwa mapema hakitaongea. – Mzazi mpya, Tabata*

Ananyonya vizuri? Anaongezeka uzito kliniki? Chuchu zako hazina vidonda? Kama majibu ni ndiyo, hongera, mwache mtoto. Udata wa namna nyingi hauhitaji wembe. Kama chuchu zinachanika na mtoto anaachia kila mara, muuguzi akuangalie kwanza unavyompakata na anavyoshika titi, kisha daktari aamue. Ikibidi kukatwa, ni kazi ya dakika chache hospitalini, siyo ya kucha ya mkunga. Na akichelewa kuongea baadaye, pimeni masikio kabla ya kuusingizia ulimi. Kunyonya kwenyewe ndilo zoezi la kwanza la misuli hii, kwa hiyo maziwa ya mama peke yake miezi sita, na chupa isiwe na haraka.

*Dokta taja mazoezi yenyewe basi, mbona unazunguka? – Wengi sana*

Niliyataja. Haya, mara nyingine, na safari hii mpige picha. Kwanza safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, ya bombani moja kwa moja usitumie. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, uisukume ukiiburuta kurudi nyuma, mara 20. Nyonya ulimi wote ugande kaakaani, mara 20. Ncha iguse meno ya chini mbele, ubonyeze shina la ulimi chini, mara 20. Fungua mdomo useme "a", ukinyanyua kaakaa laini na kimeo (kile mnachotaka kukikata), mara 20. Ingiza kidole kisafi shavuni, shavu likisukume ndani nacho kilisukume nje, mara 10 kila upande. Ukila, tafuna pande zote mbili kwa zamu. Yote haya ni kama dakika nane, mara tatu kwa siku. Ndani ya daladala ya Gongo la Mboto yanafanyika, ukiondoa la kidole.

Taya likiuma au likilia, acha, umwone daktari wa meno.

*Natumia matone ya kuzibua pua kila usiku, huu mwaka wa pili. Nikiacha siku moja silali. Niongeze mazoezi? – Kaka, Temeke*

Kaka, matone ndiyo yanayokuziba. Yale ya kuzibua papo hapo yanabana mishipa ya damu ya pua. Ukiyatumia zaidi ya siku tano hadi saba, mishipa inavimba upya kila dawa inapoisha nguvu. Unatibu leo deni la jana. Nenda kwa daktari, atakupa dawa ya kupuliza ya aina nyingine na akupunguzie matone taratibu, pengine tundu moja kwanza. Nawalaumu pia wauza duka la dawa: mtu anarudi kununua kichupa kile kile mara ya kumi na hakuna anayemuuliza neno. Pua ina kazi yake. Inachuja vumbi la jiji hili, inalainisha hewa, na vijishimo vilivyo pembeni yake hutengeneza gesi ya naitriki oksidi inayosaidia damu kubeba hewa vizuri mapafuni. Mdomo hauna hayo. Mazoezi baadaye.

*Bigijii inasaidia? – Binti, Ilala*

Kidogo, isiyo na sukari. Haifiki shina la ulimi.

*Nimesikia kupiga zumari kunaponya kukoroma. Utani? – Mzee wa taarab, Magomeni*

Shikamoo mzee wangu. Si utani wote. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi waliwagawa wagonjwa 25 wa kukoroma: 14 wakafundishwa kupiga didgeridoo, lile gogo refu la kupuliza la wenyeji wa Australia, na 11 wakabaki kusubiri zamu. Baada ya miezi minne wapigaji walisinzia mchana kidogo kuliko waliosubiri, na pumzi zilikatika mara chache zaidi. Didgeridoo hupulizwa bila kukata sauti, hewa inaingia puani huku mashavu yanasukuma nje, na mpiga zumari wetu anafanya vivyo hivyo. Zumari lenyewe sijaona limepimwa. Pigeni, ila si saa sita usiku.

*Nimefanya mazoezi wiki nzima na bado nakoroma. Hayafanyi kazi. – Baba, Mbezi Beach*

Wiki! Waliopimwa Brazil walifanya kila siku kwa miezi mitatu, na walikuwa wanasimamiwa. Tena hukusema kama pua iko wazi, kama umeongezeka kilo, wala kama unalala chali. Endelea, kisha uniandikie mwezi wa tatu ukiisha, na barua aiandike mkeo. Wewe ulikuwa umelala, huna ushahidi.