Kuburuta si kuthibitisha

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchora maumbo ya jometri na kuyaburuta, itawafanya wanafunzi wavivu wa kuthibitisha. Inategemea unawauliza nini. Wachore duara, kipenyo AB na nukta C kwenye mzingo, halafu waiburute C. Pembe ACB inabaki nyuzi 90 tu. Usiwape sababu, waulize. Atakayeunganisha C na kitovu ataona pembetatu mbili, kila moja ina pande mbili sawa, na hapo uthibitisho umeshaanza.

Mraba nao wengi huuchora kwa macho. Vuta kona moja uone unavyopinda (mimi hucheka kila mwaka). Ukijengwa kwa mistari ya pembe mraba na duara la kupimia urefu, hauharibiki hata ukiuvuta vipi.