Je, fikra za Confucius ni siasa ya amani?

SWALI: Nimesoma mara nyingi kwamba dola lililolelewa na mafunzo ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, halishambulii jirani, tofauti na madola ya Ulaya. Ni kweli? Na fikra hizo zinasaidia vipi kuchambua siasa za dunia?

JIBU: Si kweli. Maofisa wa nasaba ya Ming, iliyotawala China, walipata kazi kwa mitihani ya vitabu vya Confucius, na bado Ming iliivamia Vietnam mwaka 1406 na kuikalia miaka 20 hivi.

Wengi husoma "amani" mahali palipoandikwa "cheo". Katika fikra hizi mataifa hayako sawa: yuko mkubwa, yuko mdogo, na kila mmoja ana wajibu. Ukubwa jalala. Mfalme wa Korea alitambuliwa rasmi na Ming, akafuata kalenda yao na kupeleka zawadi za utii. Wajumbe wake walirudi na zawadi na biashara. Ming ilitaka waje mara 1 kila miaka 3, Korea ikang'ang'ania mara 3 kwa mwaka. Nani hung'ang'ania kutozwa? Japani ilipoivamia Korea mwaka 1592, Ming ilipeleka majeshi, japo hofu ya usalama wake yenyewe nayo ilichangia.

Utii wenyewe ulikuwa na sura mbili. Vietnam iliwafukuza Ming, kisha ikapeleka zawadi Beijing. Watawala wake walijiita wafalme mbele ya China, makaizari nyumbani.

Kwa uchambuzi, anzia kwa Xunzi, mfuasi wa fikra za Confucius wa karne ya 3 KK, ambaye Yan Xuetong, mtaalamu wa siasa za dunia wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, humtegemea sana. Xunzi anatenga ngazi tatu. "Wang", utawala unaovuta watu kwa wema. "Ba", ubabe unaoaminika kwa washirika. Na "qiang", nguvu tupu. Wanaoanza hukosea kwa kuruka "ba" na kugawa madola kuwa mema na maovu. Uliza kwanza: dola hili hutimiza ahadi hata zinapoligharimu? Ndipo upime majeshi.

Wala usidhani kila fikra isiyo ya Magharibi inahubiri maelewano. Katika Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala cha India kinachohusishwa na mwanafikra Kautilya, jirani wa mpakani ndiye adui, na jirani wa adui ndiye rafiki.