Fungua Gurudumu, Usifanye Ufunguaji

Msomaji mmoja anayefufua lori la kijeshi la Marekani, GMC CCKW la mwaka 1943, ameniandikia hivi: "Nimefanya ufunguaji wa magurudumu ya nyuma, nimefanya ukaguzi wa breki, na sasa ninajiandaa kufanya ukarabati wa ekseli. Rafiki yangu anadai kuwa 'ekseli' ni Kiingereza kitupu na kwamba Kiswahili chake ni 'mhimili'. Nani kati yetu amesema sahihi?"

Wewe. Mhimili ni mtoto wa kitenzi himili, chenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kitu kinachobeba uzito. Sasa litazame lori lako. Katika ekseli za nyuma za CCKW, uzito hubebwa na gamba la chuma, ilhali shafti iliyomo ndani kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu; ndiyo maana unaweza kufungua bolti zake na kuichomoa lori likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake. Rafiki yako akitangaza kwamba amechomoa mhimili, mimi nitakuwa wa kwanza kutoka chini ya gari. Sema ekseli kwa kitu kizima, sema shafti kwa kile cha ndani, na mhimili tuwaachie wanaojadili dunia na dola. Isitoshe, breki nayo imetoka Kiingereza, wala sijaambiwa kuwa rafiki yako ameikataa.

Kilichonichoma katika barua hii ni kingine kabisa. Katika sentensi moja, bwana huyu amefanya mara tatu: amefanya ufunguaji, amefanya ukaguzi na anajiandaa kufanya ukarabati. Tuna fungua, tuna kagua, tuna karabati, vitenzi vizima visivyo na kutu, navyo vimevuliwa kazi na kugeuzwa nomino ili kazi yote apewe fanya, ambaye hajawahi kushika spana. Ugonjwa huu umetoka katika ripoti za ofisini, ambako mtu haoni fahari kusema alifagia ilhali anaweza kuandika kwamba alifanya zoezi la ufagiaji, na sasa umeingia hadi chini ya lori.

Tuchukue kazi ya kutoa upepo kwenye breki, maana hapo ndipo upuuzi huu unapoweza kuumiza mtu. Breki za lori hilo husukumwa na mafuta yanayopita katika mfumo mmoja tu, kwa hiyo bomba moja likivuja, magurudumu yote hukosa breki. Anayemwelekeza mwenzake humwambia: kanyaga pedeli, ishikilie, nami nitalegeza nati, mafuta na mapovu yakitoka nitakaza, kisha achia. Kanyaga, shikilia, legeza, kaza, achia: kila kitenzi kina mtu wake na zamu yake, na achia ikitangulia kaza, upepo unarudi ndani. Sasa mpe kijana huyohuyo karatasi iliyoandikwa "kufanya utoaji wa upepo kwa kufanya ukanyagaji wa pedeli sambamba na ulegezaji wa nati". Nani anakanyaga? Nani analegeza? Sambamba kwa vipi, na pedeli inaachiwa lini? Hata onyo hupotea humo. Vitambaa vya breki vya zamani mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Neno "usipulize" humzuia mtu papo hapo, lakini "inashauriwa kutofanya upulizaji wa vumbi" anaweza kuimaliza kuisoma akiwa tayari amekwisha kulivuta.

Hasara nyingine ni ya viambishi. Kiswahili kinatofautisha nati iliyokatwa na nati iliyokatika: ya kwanza ina mkosaji, ya pili imejikatikia kwa uchovu wake. Tunasema ngoma ya breki imegoma kufunguka, ukaifungulia kwa kurudisha nyuma virekebishi vyake ili vitambaa viiachie, hatimaye ikafunguliwa. Kitenzi kimoja kimekwisha kueleza ukaidi wa chuma, juhudi za fundi na matokeo. Mwandishi wa ripoti ataandika "kulifanyika ukatikaji wa nati", na hapo fundi ameponea, kwa sababu hakuna awezaye kujua kama ilikatwa na yeye kwa kukaza kupita kiasi au ilikatika kwa uzee.

Sisemi fanya afukuzwe. Tunafanya kazi, tunafanya biashara, tunafanya haraka, na hakuna kitenzi kinachodhulumiwa hapo. Hata "kufanya ukaguzi" nimechoka kuipinga. Imekwisha kuota mizizi, na anayeitumia mara moja katika ukurasa mzima nitampita kimya. Lakini "kufanya ufunguaji wa magurudumu" sitaivumilia, hasa kwa mtu ambaye mikono yake imejaa grisi na anajua vizuri alichokifanya.

Barua yako ingetosha kusomeka hivi: "Nimefungua magurudumu ya nyuma, nimekagua breki, na sasa ninajiandaa kukarabati ekseli." Na kabla hujaagiza vipuri, chungulia gamba la ekseli hiyo, kwa kuwa malori ya CCKW yalitoka na ekseli za aina mbili: moja gamba lake hugawanyika katikati, nyingine ina kifuniko cha mviringo. Ukimwandikia muuza vipuri, mwambie unayo ipi, na umwambie kwa kitenzi.