Maswali na Majibu: Utando wa Seli Ndani ya Kompyuta

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa: Utando wa seli una unene wa nanomita tano hivi. Kompyuta inauigaje?

Inategemea unatafuta nini. Anayetaka kujua jinsi molekuli za lipidi (mafuta yanayounda utando) zinavyosukumana huiga kila atomi na kukokotoa nguvu zote upya kila baada ya femtosekunde mbili hivi (femtosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya mikrosekunde), kwa hiyo mikrosekunde moja tu hudai hatua milioni 500. Anayetaka seli nzima huziacha molekuli, huuchukulia utando kuwa uso mwembamba uliogawanywa katika pembetatu nyingi, kisha hukokotoa nishati ya kuukunja kwa kanuni aliyoiandika mwanafizikia Wolfgang Helfrich mwaka 1973. Utando hukunjika kwa urahisi lakini hukataa kutanuka: eneo lake likiongezeka kwa asilimia chache tu, hupasuka. Naona hilo ndilo la kushika kwanza, maana mengi hutokana nalo.

Muuguzi, Kyela: Hesabu hizi zinamhusu nini mgonjwa wa malaria?

Zinamhusu sana. Seli nyekundu ya damu, yenye kipenyo cha mikromita nane hivi, hupenya mianya ya bandama yenye upana wa takriban mikromita moja, na huweza kwa sababu utando wake ni mkubwa kuliko unaotosha kufunika ujazo wake, hivyo hujikunja bila kutanuka. Kimelea cha Plasmodium falciparum kinapokua ndani yake, hupeleka protini zake chini ya utando, kwenye wavu wa protini iitwayo spektrini unaoushikilia utando, na seli hukakamaa. Wakati huohuo huvimba kuelekea umbo la tufe na kupoteza ile ziada ya utando. Kwa mgonjwa mabadiliko haya mawili huja pamoja, ilhali katika modeli mtafiti hubadilisha moja na kuliacha lingine, akaona ni lipi hasa linaloizuia seli kupita. Modeli haichukui nafasi ya hadubini wala ya kipimo cha haraka, lakini hueleza kinachotokea mahali ambapo hadubini haifiki.

Msomaji, Mbeya mjini: Seli haina miguu, husogeaje?

Nyuzi za aktini, protini iliyo ndani ya seli, hurefuka kuelekea mbele. Mwaka 1993 wanasayansi Peskin, Odell na Oster walionyesha kwa hesabu kwamba utando hutikisika kwa joto, na kila unapoacha nafasi kwenye ncha ya uzi, kipande kipya cha aktini hujipachika, utando usiweze kurudi ulikokuwa.

Mwalimu, Tukuyu: Shule yetu ina kompyuta za kawaida tu. Tuanzie wapi?

Programu za kuiga molekuli za GROMACS na LAMMPS hutolewa bure, ila kwa wanafunzi ningeanza na jambo dogo zaidi. Andikeni kwa Python, lugha ya kuandikia programu, duara la nukta zilizounganishwa, lenye gharama ya nishati kila linapopinda. Mkipunguza eneo la ndani huku mzingo ukibaki vilevile, litabonyea pande mbili za katikati, umbo lilelile la seli nyekundu ikikatwa wima.