Chura mweupe juani na povu juu ya birika

Swali: Shikamoo mwalimu. Hapa kwetu Gede, kaskazi hii, kuna chura anayeshinda ukingoni mwa birika letu la maji ya mvua, jua linawaka, naye mweupe kama chokaa. Usiku namwona wa kahawia. Ni yule yule? Mbona hakauki? Tena wakati wa vuli palikuwa na povu kwenye tawi la mkorosho lililoinamia birika. Mjomba alisema ni mate ya nyoka, akataka tulimwagie chumvi. (Msomaji, Malindi)

Jibu: Marahaba mwanangu. Ni yule yule, na povu ni lake, nyoka hahusiki. Kwa maelezo yako huyo ni Chiromantis xerampelina, chura wa viota vya povu. Katika vyura wote wa pwani yetu, mimi huyu ndiye anayenistaajabisha zaidi.

Chura hanywi maji kwa mdomo. Hujibwaga penye unyevu, maji yakaingia kwa ngozi ya tumbo na mapaja. Ngozi hiyo hiyo humsaidia kupumua, kwa hiyo ni nyembamba na yenye majimaji, na jua huinyonya haraka. Ndiyo sababu vyura wengi hutoka usiku.

Huyu wako ameitatua shida hiyo kwa njia kadhaa pamoja. Ngozi yake hubana maji karibu sawa na ya mjusi. Ule weupe hurudisha mwanga wa jua, na miguu anaikunja chini ya mwili ili hewa kavu imguse mahali padogo. Joto likipita kiasi, tezi za ngozi hutoa majimaji akapoa. Lakini kubwa kuliko yote liko kwenye mkojo. Vyura wengi hutoa taka kwa njia ya yurea, ambayo hutaka maji mengi ya kuitoa. Huyu hutoa asidi ya yuriki, kama ndege na mijusi, na maji yake hubaki mwilini.

Vidole vyake navyo vitazame kwa makini: viwili vya ndani huelekeana na viwili vya nje, akalishika tawi barabara. Hapo tawini, juu ya maji, jike hutoa ute na kuuchapa kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, mara nyingi madume kadhaa yakimsaidia. Hutaga humo. Nje povu hukauka likawa gamba, ndani hubaki bichi. Siku chache baadaye viluwiluwi hudondoka majini.

Wengine wamechukua njia tofauti. Hemisus marmoratus hujichimbia ardhini kwa pua yake ngumu, kichwa kikitangulia. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hapo jirani yenu, kuna chura mdogo sana, Mertensophryne micranotis, ambaye hutosheka na maji ya tundu la mti au ya kifuu cha nazi kilichotupwa.

Kuhusu chumvi, tafadhali mzuie mjomba kwa heshima zote. Ngozi inayopitisha maji kuingia huyapitisha pia kutoka, na chumvi huyavuta nje mpaka mnyama afe. Dawa ya kupulizia mbu nayo hupenya humo humo, kwa hiyo usiipulize alipo, wala usimshike kwa mkono wenye mafuta au sabuni.

Kama maji ya birika ni ya kunywa, sina budi kukubali kwamba viluwiluwi hawafai humo. Povu likitokea tena, kata tawi taratibu bila kulibomoa, ulifunge kivulini juu ya kidimbwi au beseni la maji ya mvua. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku mbili kwanza. Birika lenyewe lifunike kwa wavu, na huyo mweupe mwache akae ukingoni. Usiku ataondoka mwenyewe kuwinda wadudu.