Kwa nini Tosamaganga ni ya Serikali na shule ya parokia si ya Serikali

Kamwene dada. Umeuliza iweje Tosamaganga, misheni ya Kikatoliki karibu na Iringa, ianzishwe na mapadre halafu sekondari yake iwe ya Serikali, huku kashule ka parokia yenu kakitoza ada. Ni Sheria ya Elimu ya 1969: Serikali ilizichukua shule za madhehebu ili watoto wa dini zote wasome pamoja. Seminari, yaani shule za kuandaa mapadre, ziliachwa. (Mimi naona ilikuwa haki, ingawa padre wetu hapendi kusikia hivyo.)

Misheni yenyewe waliianza watawa Wabenediktini wa Ujerumani miaka ya 1890. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja wamisionari Wakonsolata wa Italia. Vigangoni, yaani kwenye makanisa madogo ya vijijini, mwalimu alikuwa katekista: asubuhi kusoma na kuhesabu, kisha katekisimu, chumba kilekile.

Shule za parokia unazoziona leo nyingi ni za baada ya sera hiyo ya Serikali kulegezwa, kwa hiyo mshahara wa walimu unatoka kwenye hiyo ada. Yetu bado inagonga kengele ya chuma cha gurudumu kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi, na Jumapili hichohicho kinatuita misani. Mtoto wa Kiislamu anapokelewa, usiwe na wasiwasi. Wangu anakaa dawati moja na mmoja.