Baba Hakwenda Kuona Twiga

Wiki hii mmeuliza: "Ni bustani gani ya matembezi unayoipenda kuliko zote, na ungependa kurudi huko na mzazi wako yupi?" Mimi nimeshatangulia. Agosti mwaka jana, shule zilipofungwa, nilikwenda na baba. Kiingilio nililipa mimi, lakini matembezi yalikuwa yake.

Bustani yenyewe ni Haller Park, Bamburi, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Kwa mtu aliyesoma Pwani sina haja ya kuieleza. Shule gani ya huku haijapakia watoto kwenye basi, kila mmoja na mahamri yake kwenye mfuko, ikawapeleka kulisha twiga? Mimi nilipelekwa mwaka 1989, nikiwa darasa la tano. Mwalimu alitaka wazazi wawili watatu waandamane nasi wamsaidie kuhesabu watoto, wasije wakapungua mbele ya mamba. Nikamwomba baba. Alikuwa ameinama ananoa panga, hakuinua hata kichwa. "Pale? Pale nimeshapaona." Nikanuna wiki nzima. Niliamini kabisa kwamba anaona uchoyo wa nauli.

Ilichukua miaka mimi kuelewa amepaona vipi. Kabla ya twiga, pale palikuwa timbo, shimo la kuchimbia mawe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa chini ya miguu ya watu: matumbawe ya kale, mwamba wa bahari ambao maji yaliuacha nchi kavu enzi ambazo binadamu hazijui. Ukichimbwa, ukasagwa, ukachomwa, unakuwa saruji. Baba aliingia timboni mwaka 1965, kijana wa Kaloleni mwenye mikono miwili na asiye na cheti. Akaanza na kikosi cha kutoboa mwamba kwa keekee kabla ya baruti, baadaye akapewa tipa. Mwaka 1974 aliacha, akarudi kwenye minazi yake.

Mama ndiye aliyekaa na timbo lile nyumbani. Anasema baba alikuwa akifika mwisho wa mwezi, hata kama alikoga na kubadili nguo huko huko, vumbi jeupe lilitoka kwenye viatu, kwenye mkoba, mpaka kwenye mikunjo ya bahasha ya mshahara. Kwa hiyo mlangoni palikuwa na sheria moja: kung'uta nje. Mpaka leo baba haingii ndani kabla ya kugonga viatu kwenye shina la mnazi ulio mbele ya nyumba, hata akiwa ametoka kanisani.

Mwaka jana, basi, alikuja kwangu Kiembeni kutibiwa jicho. Siku ya tatu, baada ya chai, akaniuliza, "Mama" (ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mamake), "lile timbo bado lipo?"

Nikamwambia lipo, lakini lina viboko.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na kijana wangu wa miaka tisa ambaye amerithi jina lake, kwa hiyo wao huitana somo. Langoni palikuwa na msichana wa tiketi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Hivi mtu hutozwa pesa kuingia kwenye shimo alilolichimba mwenyewe?" Msichana akacheka hadi akashika meza, kisha akatutoza. Nikajua siku itakuwa njema. Baba akiwa na wasiwasi huwa hafanyi utani.

Tulipoingia chini ya mivinje alisimama, akavua kofia. Nyote mliofika pale mnakijua kile kivuli, na ule uvumi wa upepo kwenye mivinje unaokufanya uangalie bahari iko upande gani. Mtoto alishakimbia mbele kutafuta nyani. Baba akawa anageuza shingo polepole, kama mtu aliyeshuka stendi isiyo yake.

"Hapa palikuwa tanuri," akasema. "Jua lilikuwa likikupiga mara mbili. Mara moja likishuka, mara ya pili likirudi kutoka kwenye jiwe. Jioni ulikuwa ukifumba macho unaona bado ni meupe." Akanionyesha kwa fimbo: barabara ya matipa ilipita hapa, pale palikuwa na kibanda cha msimamizi. Nilipotazama pale palipokuwa na kibanda, niliona bwawa na ndege mmoja mwenye miguu mirefu.

Kijana mmoja mwelekezaji akajiunga nasi, akaanza maelezo yake anayowapa wageni. Mwaka 1971, bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda, alipewa kazi ya kulirudishia uhai shimo hilo. Udongo hakuna. Chini kidogo tu ya sakafu ya jiwe kuna maji, nayo yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, na baada ya miezi sita zilibaki tatu: mvinje, damasi, na mnazi.

"Mnazi umo," baba akasema, na nikaona kifua kimepanda.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo unaweza kuishi mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Shida ilikuwa majani. Yale majani membamba kama sindano yalianguka, yakarundikana, na hayakuoza. Yana ukakasi mwingi, bakteria hawayataki. Miti ilikuwepo na udongo hakuna. Aliyewaokoa ni jongoo, yule mwenye miguu myekundu. Walimkuta anayatafuna majani ya mvinje bila shida, wakakusanya majongoo kwa mamia wakayaleta timboni. Jongoo akila mbele, udongo unatoka nyuma.

(Kwa wasomaji wa Pwani: ndiyo, neno jongoo lilipotajwa mara ya tatu, wazee wawili waliokuwa nyuma yetu walianza kucheka kuhusu mtungi. Na baba alicheka nao. Mtoto akaniuliza mtungi gani. Nikamwonyesha kima.)

Baba akamwambia mwelekezaji, "Nilikuwa hapa. Miaka ya mwisho mwisho. Tulisikia kuna Mzungu anapanda miti juu ya jiwe, tukacheka. Mimi nilicheka sana."

"Na sasa, mzee?"

Hakumjibu. Alikuwa ameshainama, anafagia majani kwa ncha ya fimbo. Chini yake palikuwa na udongo mweusi, mlaini. Akachomeka fimbo taratibu mpaka ikagota, ti. Akagonga tena akasikiliza. "Jiwe lipo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebisha hodi kwa jirani wa zamani akaitikiwa.

Najua wapo wanaoidharau Haller. Watakuambia si pori, ni pori la kutengenezwa, nenda Tsavo ukaone wanyama waliojileta wenyewe. Ni kweli imetengenezwa, kila mti umeingia kwa mkono wa mtu. Lakini Tsavo baba angekuwa mtalii.

Mamba tuliwapita upesi, baba haamini mnyama anayekaa kinywa wazi bila kusema kitu. Kwa kobe tulikaa zaidi. Ni wale kobe wakubwa wa Aldabra, huko Ushelisheli, ambao hufikisha miaka zaidi ya 100, na mtu hawezi kuwatazama kwa haraka hata akitaka. Pale mwelekezaji alisimulia kisa ambacho mimi nakijua kwa moyo kwa sababu nilikuja kukishuhudia mwaka 2005, siku zile watu walipokuwa wakimiminika. Mtoto wa kiboko alisombwa na mafuriko ya mto Sabaki hadi baharini, akabaki peke yake kwenye mwamba karibu na Malindi wakati tsunami ya Desemba 2004 ilipopiga. Watu wa Malindi walihangaika naye na nyavu za kuvulia hadi wakamnasa tarehe 27, mnyama wa karibu kilo 300 anayeteleza kama sabuni. Wakamwita Owen, jina la mmoja wa waliomkamata, wakamleta Bamburi. Alipofunguliwa tu alikimbilia nyuma ya kobe mzee aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajificha hapo. Kobe huyo jina lake lilikuwa Mzee.

"Mwanzoni Mzee hakumtaka," mwelekezaji akasema. "Lakini baada ya siku chache Mzee akamkubali, wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja..."

"Mimi?" baba akageuka.

Mjukuu wake alikaa chini kwa kicheko. Mpaka leo somo wake akimwomba kitu humwanzia, "Mzee, nikubali."

Mwaka 2005 niliwaona wale wawili kwa macho yangu, kiboko ameegemeza kidevu kwenye gamba, na watu wakifuta machozi kwa leso. Baba alisikiliza kisa chote, kisha akauliza swali ambalo sijawahi kusikia mtu akiuliza: kobe alitolewa kwao lini, na nani aliyemkubali yeye?

Saa tisa ilikuwa zamu ya twiga. Unapanda jukwaani, unapewa chakula cha vidonge kiganjani, na kichwa chenye kope za bi harusi kinashuka kukutafuta. Ulimi ni mrefu, una rangi ya wino, na una mate. Kijana wangu alipiga kelele za furaha na kinyaa kwa pamoja. Mimi, mama mzima, nilirudi kwenye foleni mara mbili. Nilipogeuka kumpa baba sehemu yake, nikakuta amewapa twiga mgongo.

Alikuwa anatazama ukuta.

Pembeni mwa bustani bado kuna kingo za timbo, kuta za matumbawe zilizosimama, mizizi imezishukia kama kamba. Nimezipita maisha yangu yote nikidhani ni mawe. Baba akamwomba mwelekezaji atupeleke pale njia inapokaribia ukuta zaidi. Akasogeza majani kwa fimbo. Kwenye mwamba kulikuwa na michirizi ya wima, iliyonyooka, upana wa mkono, kila mmoja kama bomba lililopasuliwa katikati.

"Hii ni yetu," akasema.

Akamweleza somo wake. Kwamba keekee huteremka kwenye mwamba toka juu, shimo baada ya shimo, kwa mstari. Kwamba baruti hujazwa, bendera nyekundu hupandishwa, king'ora hulia, na mnakaa kimya mbali, hata mwenye kikohozi hukizuia. Kisha ardhi inakusukuma makalio kabla hujasikia mlio. Na kwamba mwamba ukikatika vizuri hukatikia kwenye mashimo, nusu ya shimo inaanguka na jiwe, nusu inabaki ukutani. "Ukiona nusu zimenyooka hivi, ujue waliotoboa walikuwa na mkono." Akaweka kiganja ndani ya mchirizi. "Weka na wewe." Mtoto akaweka. Mkono wake uliingia wote na nafasi ikabaki.

"Na ile nusu nyingine, Babu?"

Baba akatia mkono mfukoni akatoa noti ya shilingi hamsini. Siku hizi noti zetu zote zina KICC, jumba la mikutano la Nairobi, lile lililokamilika mwaka 1973. Akagonga picha kwa kucha. "Hii hapa."

Nimemsikia akisema hivyo tangu nikiwa mdogo, enzi zile jumba hilo likiwa kwenye noti ya mia. Kwamba saruji ya KICC ilitoka kwenye mkono wake. Hajawahi kutoa ushahidi wowote, na kwetu ni jambo la imani. Lakini siku ile, mbele ya ukuta, mwelekezaji alimwomba ile noti, akaitazama, akamrudishia kwa mikono miwili.

Kiboko wa saa kumi hatukumwona. Baba alisema jicho limechoka, ingawa nadhani alikuwa ameshamaliza alichojia. Njiani kurudi langoni alinyamaza, ila mara moja alisimama kumnong'oneza jongoo kitu. Sikusikia ni nini.

Jumamosi nilimrudisha Kaloleni. Alikuwa amevaa viatu vile vile vya safari ya Bamburi. Kabla hajakanyaga kizingiti, mama akasema kutoka jikoni, bila hata kuchungulia, "Kung'uta nje." Baba akashika mnazi kwa mkono mmoja, akavua kiatu kwa mkono wa pili, akakigonga shinani mara tatu. Zikaanguka sindano za mvinje. Akazitazama, akavua na cha pili.